Mama Yenu Aliyemsahau Mungu

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kutazama saa, mauti hayana miadi na mzee wa kanisa. Nyumba ni yenu wote watatu. Cherehani zote mbili apewe binti yangu, aliyenitungia uzi sindanoni macho yaliponiishia. Na pasi, mkiigombania, gawaneni ikiwa ya moto.

Lakini urithi wenyewe ni mama yenu, huyo aliyekaa dirishani akikunja na kukunjua kitambaa kile kile, ambaye Jumapili ile alisimama katikati ya ibada akauliza kwa sauti ya mnadani, "Huyo Yesu mnayemwimba simjui, kwani ni wa ukoo gani?" Nawe, mkubwa wangu, na wazee wenzako, mkamnyima meza ya Bwana, mkasema amkanaye hukanwa, wokovu umemtoka. Sikulaumu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ni mimi niliyewafundisha kwamba wokovu ni yai kiganjani, ukijikwaa tu, kwisha habari yako.

Sasa sikilizeni nililoliona. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina yenu, ukala nyimbo, ukala sala, ukafika kwangu. Adhuhuri moja nimeinama nimvue viatu, akanitandika kwa kiatu chenyewe: "Mwanahizaya wewe! Mimi ni mke wa mtu! Mume wangu fundi cherehani, akirudi atakushona huo mdomo!" Nilicheka, wanangu, nikacheka mpaka nikajikuta nimepiga magoti. Uso wangu umemtoka, jina langu limemtoka, miaka arobaini na sita imemtoka kama maji kwenye tenga, na bado ananitunzia ndoa yangu, ananilinda dhidi yangu mwenyewe! Na mimi niliyekula kiatu, je, nilisema ndoa imekwisha? Nilikwenda kumchemshia maji ya kuoga.

Basi ikiwa mimi, fundi mwenye moyo mfupi kuliko mkasi, sikumwacha, je, Mungu aliyemwita tangu akiwa binti mbichi atamwacha kwa kuwa kichwa kimechoka? Nywele zilinisimama pale sakafuni. Kumbe si sisi tulioshika, tumeshikwa; nikaogopa, woga mtamu ambao sijawahi kuuonja kanisani. Kuhusu yule aondokaye kwa Mungu akijua anaondoka, sina jibu. Mwenye jibu nakwenda kuonana naye, ingawa nadhani nikimwona nitalisahau swali.

Pumzi inakata, nisikilizeni haraka. Jumapili mpelekeni kanisani. Akisema simjui, msimnyamazishe; mwambieni, yeye anakujua, mama. Nawe, mkubwa wangu, mkate umpe wewe, kwa mkono huo huo ulioandika aondolewe mezani. Niahidi. Usilie, nijibu... Ehe. Nimesikia.

Mleteni aketi hapa. Usiogope, bibi, mimi mgonjwa tu, sikugusi... Mnaona? Ameuweka mwenyewe, mkono wake juu ya wangu.

Mungu awashike, wanangu... awashike... hata vidole vyenu... vikilegea...