Fisi Wawili na Mstari Mmoja wa Jina

Benchi letu liko hatua ishirini kutoka stesheni ya Kilosa, mahali ambapo kila anayeshuka kwenye treni lazima atuone, atake asitake. Mimi ndiye muuza kahawa. Birika langu, vikombe vyangu, kwa hiyo hapa nina sauti kuliko mwenyekiti wa tawi. Wateja wangu wa kudumu ni Mzee Mkonge, aliyekata mkonge Kimamba mpaka vidole vikapinda. Redio, ambaye redio yenyewe hana ila habari anazo kabla hazijasomwa. Na Mwanakheri wa vitumbua, anayekaanga kimya na kusikia kila kitu. Asubuhi hiyo, siku nne kabla ya Sabasaba ya mwaka sabini na nne, tulikuwa tumevimba vichwa. Picha ya Kilosa ilikuwa inakwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam! Picha ya watoto wawili wa fisi wa kule Mikumi, wamesimama mbele ya shimo lao, mkubwa amemng'ata mdogo sikio. Taabu ilikuwa moja tu. Melkizedek mwenye studio na mdogo wake Cleopa, anayefanya kazi hifadhini, kila mmoja alisema picha ni yake. Fomu ina mstari mmoja wa jina, na bila jina picha haipandi treni. Afisa utamaduni alikuwa aje na fomu hiyo kabla ya treni ya saa nne.

Ndugu wenyewe walikuwa wamekaa, mmoja mwanzo wa benchi, mwingine mwisho, picha katikati ndani ya fremu yake nzito ya mninga. Miezi miwili walikuwa hawasemeshani. Wakiwa na neno, wananipitishia mimi.

Melkizedek: Mwambie huyo wa kule, kamera ni ya mjomba Lukasi, na mjomba alipofariki niliichukua mimi.

Cleopa: Mwambie na yeye, mjomba aliwaachia watoto wa dada yake. Dada yake alizaa mmoja?

Mimi: Jamani, mko hatua tatu. Mnasikiana.

Kwetu mali ya mjomba inakwenda kwa watoto wa dada yake, hilo halina ubishi. Shamba tunajua kuligawa, unaweka mpaka, kila mtu analima upande wake. Kamera hakuna mzee aliyetufundisha inagawanywaje.

Melkizedek: Mkanda nimeweka mimi. Mwanga nimepima mimi. Picha nimesafisha mimi kwenye chumba cha giza, na macho yananiwasha mpaka leo.

Cleopa: Mwulize kidole kilichobonyeza ni cha nani.

Melkizedek: Kidole hata nyani anacho.

Redio: Aa! Kwa hiyo mlikuwa pamoja siku hiyo?

Melkizedek akaangalia reli, Cleopa akaangalia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu tangu zamani.

Redio: Mnyama gani huyu mliyemchagua! Fisi anazaliwa na meno, bwana. Macho wazi, meno tayari, siku hiyohiyo anamwanza ndugu yake. Mtaalamu mmoja alinieleza.

Mwanakheri: Mtaalamu gani?

Redio: Alikuwa anapita na treni.

Mzee Mkonge: Mnashangaa fisi? Kimamba tulikuwa na Stefano na Lupakisyo, baba mmoja, mama mmoja. Walipangiwa mistari miwili ya mkonge, kila mtu wake. Nani amalize kwanza? Wakakata, wakakata, hakuna anayeinua kichwa. Mstari ukaisha, wakaendelea. Walikuja kusimamishwa wameshamaliza maua yote ya nyumbani kwa meneja!

Mwanakheri: Juzi ulisema walikata uzio.

Mzee Mkonge: Uzio walianza nao.

Redio: Hayo madogo. Mimi nimechunguza, mto Mkondoa na mto Miyombo ni ndugu. Mwenzake akijaa kidogo, huyu Mkondoa wetu anaona wivu, anajaa mpaka sokoni. Mnafikiri mafuriko ya hapa yanaletwa na mvua?

Mimi: Yanaletwa na nini kama si mvua?

Redio: Wivu! Na sisi wenyewe Kilosa, kaka yetu si Morogoro? Kila kitu kizuri kinashukia Morogoro, kwetu treni inapumzika tu. Safari hii Morogoro wamepeleka picha ya mlima. Mlima, jamani! Mlima utakukimbilia wapi? Wameambiwa warudi nao. Aliyechukuliwa mkoa mzima ni fisi wa Kilosa!

Hapo tulipiga makofi, na mimi nikaongeza kahawa bila kuombwa. Nasema wazi, nilijisikia fahari mpaka kooni. Nilizaliwa hapa, nikaona bendera ya mkoloni ikishushwa pale bomani, na tangu siku hiyo sikuwahi kuona kitu cha Kilosa kikiitwa Dar es Salaam kwa heshima, ukiacha magunia. Ndiyo maana nilikuwa nawakasirikia wale wawili. Nchi nzima tunaitana ndugu, mpaka karani wa posta ni Ndugu Karani, halafu waliotoka tumbo moja wanataka kutukosesha safari.

Saa nne kasorobo afisa akafika, anatembea haraka, faili kwapani. Alikuwa binti mgeni, Elizabeti, hana hata mwezi tangu ahamishiwe kwetu, na picha alikuwa hajaiona ila kwenye barua.

Elizabeti: Shikamooni wazee wangu.

Sote: Marahaba!

Elizabeti: Treni imeshatoka Kidete, haitachelewa. Nahitaji jina, na nahitaji picha itolewe kwenye fremu. Barua inasema zote ziende bila fremu.

Melkizedek akaruka kama aliyekalia siafu.

Melkizedek: Haitoki!

Cleopa: Iende na fremu yake hivyohivyo!

Tukatazamana. Miezi miwili, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Elizabeti: Wazee wangu, agizo ni agizo. Mama, niazime kisu.

Mwanakheri akafuta kisu chake cha vitumbua kwenye kanga akampa. Elizabeti akachokonoa vimisumari, akatoa kioo, akaivuta picha taratibu. Ile fremu ilikuwa pana, na kumbe chini ilikuwa inaficha kipande cha picha cha upana wa vidole vitatu. Hicho hatukuwahi kukiona, na tulikuwa tumesimama mbele ya dirisha la studio kila siku tukiwasifu fisi.

Elizabeti akaiinua kwenye mwanga. Akaiangalia muda. Akauliza swali kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

Elizabeti: Huyu aliyebebwa ni nani, na aliyembeba ni nani?

Tukakusanya vichwa. Ilipigwa asubuhi, jua likiwa nyuma ya mpiga picha, kama Melkizedek anavyotuhubiria siku zote. Na kivuli kirefu kilikuwa kimepita juu ya majani kikalala kwenye udongo mtupu mbele ya shimo. Kivuli cha watu wawili. Mmoja amekaa mabegani mwa mwenzake, viwiko vimetanuka, kamera usoni. Wa chini ameshika miguu ya wa juu kwa mikono yote miwili.

Redio akasogeza pua karibu na picha. Mwanakheri akaacha mafuta yake yakichemka, akaja kuchungulia.

Mwanakheri: Mtu mzima kabebwa mabegani?

Melkizedek akakaa. Safari hii hakukaa pembeni, alikaa karibu na mdogo wake.

Melkizedek: Majani yalikuwa yananifika machoni. Watoto tunawasikia wanalia, hatuwaoni. Mama yao amekwenda kuwinda, anaweza kurudi wakati wowote. Yeye ni mwepesi. Nikampa kamera nikamwambia panda. Mimi nilikuwa naona majani tu. Fisi wenyewe nimewaona kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha giza.

Cleopa: Nilikuwa natetemeka, picha ingekuwa ukungu mtupu. Akanibana miguu, akaniambia, "Tulia, sikuangushi." Ndipo nikabonyeza.

Mimi: Sasa hilo ndilo la kuficha?

Melkizedek: Mimi mwenye studio, kaka mtu, nigeuzwe ngazi? Mngeniita Ngazi mpaka nife.

Nilitaka kukataa, lakini nilimwona Redio keshatabasamu.

Cleopa: Na mimi askari wa hifadhi, nimebebwa kama mtoto anayepelekwa sindano. Nani angeniogopa tena Mikumi?

Kwa mbali treni ikapiga honi. Elizabeti akafungua kalamu, akaweka fomu kwenye benchi.

Elizabeti: Mstari ni mmoja. Niandike nani?

Melkizedek: Andika Cleopa. Aliyeona ni yeye.

Cleopa: Usiandike! Andika kaka. Angetikisika kidogo tu, hakuna picha.

Melkizedek: Nimesema Cleopa. Mimi ndiye mkubwa.

Cleopa: Hiyo ndiyo taabu yako! Kila kitu umeshasema wewe!

Melkizedek: Usinipandishie sauti, nimekubeba!

Cleopa: Nani alikuambia unibebe?

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, mate yanarukiana, wanagombana vibaya kuliko miezi yote miwili, na hakuna hata neno moja lililopitia kwangu. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema. Mzee Mkonge alikuwa anashangilia kama yuko mpirani.

Elizabeti: Wazee wangu, treni!

Cleopa akanyakua kalamu mkononi mwa Elizabeti, akainama, akaandika jina la kaka yake kwenye mstari, jina lote, Melkizedek, herufi kubwakubwa, na mstari ukaisha. Melkizedek akampokonya kalamu. Hakupata nafasi. Akatazama fomu juu, akatazama chini, akaandika CLEOPA ndani ya kile kisanduku cha mwisho kilichoandikwa "Kwa matumizi ya ofisi tu".

Elizabeti: Jamani, hapo ni pa ofisi!

Mzee Mkonge: Ofisi isogee kidogo.

Treni ikaingia inafuka moshi. Elizabeti akakimbia na faili lake. Nyuma yake wale wawili wakaibeba picha, mmoja upande huu na mwingine upande ule ili isipinde, wakivuka reli na kulaumiana nani anakimbia polepole. Redio akanyoosha kikombe. Nikageuza birika juu chini, halikutoa hata tone, nasi sote tukaondoka kwenye benchi kwenda kuiona picha ikipanda.