Theophil Rweyongeza Alikuwa Kazini

Waombolezaji wenzetu, mliotoka soko la nguo la Shahe mkaacha marobota nusu yamefungwa, na ninyi wageni wawili wa mstari wa mbele mliotumwa na taasisi, familia imenipa mimi, Agustino, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yetu, na imeniagiza nisome kila neno, hata lile tulilobembelezwa tuliache.

Theophil Rweyongeza alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kashozi, Bukoba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1972 hadi 1978, sekondari Ihungo hadi 1985, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na Septemba 1988 akafika Guangzhou kwa ufadhili wa serikali, ambako baada ya mwaka wa kujifunza Kichina alisomea namna mwili wa binadamu unavyofanya kazi, akahitimu Julai 1994. Swali lililomnyima raha lilikuwa moja, kwa nini watu wanaopelekwa angani wakiwa wazima kabisa hurudi wakishikiliwa mabega, hawawezi kusimama, baada ya kuvimba uso huko juu kwa damu iliyopanda kichwani, misuli imenywea, na mifupa imepungua kama ya bibi kizee.

Alifunga ndoa na Gaudiosa tarehe 27 Juni 1992 katika parokia ya Kashozi, wakajaliwa watoto wawili, Cyrus mwaka 1993 na Kokugonza mwaka 1996, na mwaka 1997 familia yote ikahamia hapa Guangzhou, mtaa wa Huanshi Zhonglu, ambako mama aliwapikia wafanyabiashara ndizi na maharage, na baba, pamoja na shahada yake, akawa mkalimani wa bei za suruali.

Mwaka jana, 1998, aliomba kazi ya utafiti katika taasisi ambayo hatutaitaja jina, kwa kuwa na yenyewe haikumtaja lake, katika ripoti ilimwita Mshiriki wa Tano, akajibiwa neno analolijua kila aliyeulizia saizi kubwa Shahe, meiyou, hakuna, nafasi ya mtafiti kwa mgeni hakuna, ila nafasi ya mtafitiwa ipo. Akaikubali, maana swali lilikuwa lake. Kazi yenyewe ilikuwa kulala miezi mitatu kwenye kitanda kilichoinamishwa upande wa kichwani, bila mto, bila kuketi, kula akiwa amelala, kuoga akiwa amelala, na haja zake vivyo hivyo, ili mwili udanganyike kwamba uko angani. Pua iliziba, kichwa kiligonga, mgongo uliwaka moto, na yeye na mwenzake wa kitanda cha pili, waliopendana kama ndugu juma la kwanza, wakafika mahali pa kununiana kwa sababu ya namna mmoja wao anavyotafuna tufaha, jambo ambalo Theophil alimwambia mkewe kwa simu kwamba nalo ni utafiti, kwani huko juu ukimchoka mwenzio hakuna mlango wa kutokea.

Rafiki yake Odhiambo wa Nairobi alimtania, "Bwana, unalipwa kulala? Niulizie nafasi," na huo utani tuliucheka sote, marehemu akiwa wa kwanza. Utani wa ofisi haukuchekesha. Kibali chake cha kuishi kilipokaribia kwisha, afisa wa vibali alifuatwa aje kitandani, akauliza mtu huyu anafanya kazi gani, akaambiwa analala, akacheka hadi kalamu ikamwanguka, kisha akaiokota akaandika, mgonjwa.

Tarehe 9 Novemba kigimbi cha mguu wa kushoto kilivimba, Theophil akawaeleza wakubwa kwamba huenda damu imeganda, akaomba apimwe hospitali, wakamjibu kwamba akiondoka kitandani matokeo yataharibika na muda uliobaki ni mfupi. Tarehe 13 alfajiri damu ile ilipanda mapafuni, na muuguzi Liang, peke yake katika jengo zima, alivunja kanuni akamwinua akaketi, na kaka akafia mikononi mwake, kichwa kikiwa juu.

Gaudiosa alipokwenda kuuliza kwenye taasisi, aliambiwa kwa upole mwingi kwamba karatasi zinasema mgonjwa, na wagonjwa hufa, na hata hivyo mumewe alikuwa amelala tu. Akasema, "Basi lala wewe, bosi, kichwa chini, bila mto, mpaka mwezi uishe, ndipo uniambie kama hiyo si kazi." Hakuna aliyelala. Badala yake alitujia mjumbe wa taasisi na ombi la adabu, kwamba tukiandika katika historia hii kuwa marehemu aliugua kwa muda mrefu, kibali cha kusafirisha mwili kitatoka upesi. Mjane alikataa, na tumengoja mpaka Januari hii, kibali kimetoka jana, na mahali pa sababu ya kifo pameachwa wazi, ofisi imeona heri isijue. Sisi tunajua. Theophil hakuugua kwa muda mrefu, Theophil alikuwa kazini.

Tunamshukuru muuguzi Liang, ambaye hivi sasa naye hana kazi, madaktari waliotueleza ukweli bila kutaka watajwe, majirani waliowalea watoto, Odhiambo aliyetukalimania kila ofisi, na ninyi wafanyakazi wenzake wa Shahe.

Asubuhi ya leo Gaudiosa ameingiza mto ndani ya jeneza, mhudumu wa chumba cha maiti akasema mto hauko katika taratibu, wa nini, naye akamjibu akiuweka sawa, "Saa zake za kazi zimekwisha."

Sasa, kaka, ndiyo mapumziko. Pumzika kwa amani.