Mlimvusha Nani?

Mwaka ule, baada ya miaka ya foleni, sukari ilikuwa imerudi madukani mjini Same, na kahawa ya kijiwe cha kando ya korongo haikunywewa chungu tena. Asubuhi hiyo mvua ya milimani iliteremsha maji mekundu. Rogathe alikaa mwisho wa benchi, mtoto mgongoni, akitazama ng'ambo. Kule mama yake alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameteremka kutoka Chome, milimani, kumwona mjukuu ambaye hajamtia machoni tangu azaliwe. Pikapu iliyomleta ingerudi naye huko saa sita. Wazee walimpa Rogathe kahawa, wakamwongezea sukari bila kuombwa. Alishukuru, lakini kikombe kilipoa mkononi.

— Subiri yapungue, mwanangu, alisema Eliezeri, ambaye kijiweni aliitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Haya si maji ya kuvuka.

— Kuvuka ni kwa mtumbwi, alisema Majaliwa, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge, jina la Mkonge likamganda. Kwetu ziwani, ukipita kwa miguu umekanyaga maji tu.

— Ziwa lako liko wapi hapa? alisema Redio. Neno kuvuka limetoka kwenye mvuke. Zamani watu wakitoka majini walikaa juani, nguo zikitoa mvuke. Mtu akiwaona anasema, hawa wamevuka.

— Basi na chungu cha makande kinavuka kila siku.

Koileken, mfugaji wa tambarare, alicheka taratibu.

— Aliyevuka kwanza ni ng'ombe. Mtu alishika mkia tu. Hata neno lenyewe ng'ombe ndiye aliyelisema.

— Kwa Kipare au Kimasai? aliuliza Redio.

— Kwa kinywa.

Walicheka wote, kisha Redio akashusha sauti.

— Lakini enzi za foleni tulivushana jamani. Fimbo moja ndefu, wote tumeishika. Mzito anakaa upande maji yanakotoka, mama na mtoto katikati.

— Na aliyefika haondoki mpaka wa mwisho afike, alisema Mkonge. Hatukuwa na kitu, ila hakuna aliyeachwa ukingoni.

Bibi Hedwiga wa kijiji cha Mamba, aliyekuwa akitoka kuuza tangawizi, alitua kikapu hapo.

— Shikamoo bibi, alisema Rogathe.

— Marahaba mjukuu wangu.

Bibi alimtazama, akatazama ng'ambo, kisha akawageukia wazee.

— Na mara ya mwisho mlimvusha nani?

Mkonge alifungua vidole ahesabu, akavifunga. Ng'ambo pikapu ilipiga honi.

Koileken alivua makubazi, akanyoosha fimbo yake.

— Mzito ni nani hapa?

Mkonge aliinuka akinung'unika kuhusu mgongo wake, akaingia upande wa juu. Redio akashika fimbo nyuma, Rogathe na mtoto katikati. Maji yalimfika Rogathe magotini, yakapanda mapajani, na mbele yao mama yake akaacha jiwe, akaingia korongoni na viatu vyake, mikono ameinyoosha.