Jina la Mstari wa Kwanza: Maisha ya Gaspar Rutashobya, 1986–2025

Marehemu Gaspar Rutashobya alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mwalimu Stephano Rutashobya, aliyekwisha kututangulia, na mama Margareta, ambaye tuko naye hapa. Kaka yake Wilfred, anayewasomea wasifu huu, alikuwa na miaka mitano. Jioni ileile Wilfred aliondolewa kitandani kwa mama, na hakuwahi kurudishwa.

Marehemu alisoma shule ya msingi hukohuko Kamachumu, akiwa wa kwanza darasani kila mwaka. Mwaka 1999 baba alipata uhamisho na familia ikahamia Mabibo, Dar es Salaam. Hapo ndipo Wilfred, mwaka 2003, aliponunua kompyuta iliyotumika, na ndiye aliyemwonyesha marehemu programu yake ya kwanza ya lugha ya C, mistari mitano tu. Ndani ya mwezi mmoja mwanafunzi alikuwa anamsahihisha mwalimu. Mama alicheka akasema, "Wilfred, mwenzio huyu ni kichwa kwelikweli." Mama hakumaanisha ubaya, ila kaka mtu aliibeba kauli hiyo kwa miaka mingi. Marehemu alihitimu shahada yake ya kompyuta mwaka 2010.

Agosti mwaka huohuo aliajiriwa katika kampuni ndogo ya programu iliyopo Sinza, ambako Wilfred alikuwa ameshafanya kazi miaka mitatu. Aliyempelekea barua ya maombi ni Wilfred. Aliyepewa meza ya dirishani ni marehemu.

Tarehe 6 Septemba 2014 alifunga ndoa na Tupokigwe Mwakalinga, mzaliwa wa Tukuyu, nao wakajaliwa watoto wawili, Brightson na Adelina, wakajenga Tegeta. Wilfred alikuwa msimamizi wa ndoa hiyo. Alinunua suti ghali kuliko ya bwana harusi, lakini wote wanaotazama picha za siku ile husifia tabasamu la Gaspar.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya visima vya Tegeta, ambavyo pampu zake ziliwashwa na kuzimwa kwa programu ya ofisini kwetu kupitia mtandao. Mwaka 2018 ililetwa kompyuta mpya yenye laibrari mpya ya mtandao, yaani mkusanyiko wa programu ndogo zilizoandikwa tayari za kuwasiliana, na pampu zilikuwa zinaelewa laibrari ya zamani tu. Kila laibrari ina heda yake, yaani faili ambalo programu hulisoma kwanza ili ijue majina ya vitu. Heda hizi mbili zilitaja majina yaleyale kwa maana tofauti, na zikiwekwa pamoja programu inagoma kujengwa. Wilfred alihangaika nazo siku kumi na tisa. Alibadilisha majina, akafuta mistari, na makosa yakapanda kutoka arobaini hadi mia tatu. Bi Mauwa, msimamizi wa kisima kimoja, alipiga simu kila asubuhi: "Sie huku tunabeba madumu, nyie mnachezea kompyuta tu, jamani?"

Jumamosi tarehe 10 Novemba marehemu alivuta kiti, akatazama kwa nusu saa.

"Braza," alisema, "hawa ni kama wajomba zetu waliogombana. Ukiwaweka turubai moja, msiba unavunjika. Huyu mpya mwache na programu kubwa. Wa zamani mfungie kwenye faili lake peke yake na pampu zake. Halafu tunaweka mtu mmoja katikati wa kupeleka salamu."

Kabla ya saa kumi jioni maji yalikuwa yanatoka Tegeta. Marehemu alifunga kompyuta akaenda zake kula kitimoto, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wilfred alibaki ofisini akiwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumtolea.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliuvumilia bila manung'uniko hadi Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa mbili asubuhi, alipofariki. Siku mbili kabla alimwambia mkewe, "Wasifu wangu aandike braza. Yeye anajua nilichofanya."

Ndugu waombolezaji, hapa mniruhusu niache kusema Wilfred, niseme mimi.

Kazini kwetu, anayeandika faili huweka jina lake na tarehe mstari wa kwanza. Gaspar aliweka lake siku ile ya pampu za Tegeta. Jumatatu, kabla bosi hajafika, nililifuta nikaandika langu. Mwezi uliofuata nikafanywa mkuu wa mafundi. Bosi wetu yuko pale mstari wa pili, na anayasikia haya leo pamoja nanyi, atakaloamua nitalipokea. Faili hilo Gaspar ndiye aliyelitunza miaka yote iliyofuata. Alilifungua mara nyingi, jina langu akaliona, akafanya kazi yake akafunga.

Nilimwonea wivu kwa kitanda cha mama, kwa ile meza ya dirishani, kwa lile tabasamu. Leo namwonea wivu mkubwa kuliko wote. Alijua nilichomfanyia, na kila Krismasi akanialika kwake, akanikatia nyama mwenyewe, akawafundisha wanawe kuniita baba mkubwa. Ingekuwa mimi, wiki isingepita ukoo mzima haujajua.

Juzi nilikwenda ofisini, nikafuta jina langu, nikarudisha lake na tarehe ya kweli.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, na kaka mmoja. Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Mstari wa kwanza ni wako.