Tununue au Tupange?

Benchi la mbele ya duka la donati la Darlene liling'olewa uwanjani. Ni ubao mrefu wa msonobari uliochakaa mpaka unang'aa, na namba zake za viti bado zinasomeka: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Chuo kilipopanua uwanja kiliuza mbao za zamani, na marehemu mume wa Darlene akajinunulia huu mmoja, akauweka upande wa jua. Tangu hapo wazee watatu wa mji wa Pruett wanaukalia kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kila mtu na namba yake, na ukikalia namba ya mwenzako umejitafutia kesi. Kumi na nne ni ya mpita njia. Jumatatu hii ya mwanzo wa Desemba theluji ya juzi ilikuwa bado imerundikana kando ya barabara, chupa kubwa ya kahawa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na chuo kilikuwa kimetangaza kocha mpya jana yake mchana.

Huyu ni wa nane katika miaka kumi na tisa. Kabla ya hao wanane alikuwepo mmoja tu, Mzee Stroud, aliyewafundisha Nyati, timu ya chuo, mpira huu wa kofia ngumu kwa miaka ishirini na sita, akaleta makombe matano ya taifa, akafa, akachongewa sanamu. Sanamu ipo mpaka leo pale getini, inautazama mji kwa jicho la baba aliyerudi safari akakuta watoto wamevunja kabati.

Namba kumi na mbili, katikati, alikaa Wendell Kratochvil, ambaye mji mzima unamwita Honi kwa sababu aliendesha basi la shule miaka thelathini na sauti yake haikustaafu naye. Kushoto kwake alikuwa Lyle, anayeitwa Profesa. Profesa alifanya kazi chuoni, ni kweli, ila alikuwa anakata nyasi za uwanja. Kulia alikuwa Gaylen, muuza matairi wa zamani, jina la benchi Upepo, na sababu zake ni mbili: matairi na mdomo.

Honi asubuhi hiyo hakuwa na raha. Simu yake ilitetemeka mfukoni, akaitoa, akakuta namba asiyoijua, akairudisha.

– Pokea bwana, alisema Profesa. Huenda wanakutafuta uwe kocha.

– Wakinitafuta nitakataa. Nina akili.

Ukweli wa simu ile Honi hakuwahi kuueleza kwa mtu, maana ulikuwa unamvua nguo hadharani. Nyumba yake ilikuwa inauzwa tangu Agosti. Mkewe Bernadine ana nyonga mbovu, chumba cha kulala kiko juu, na kati ya chumba na jiko kuna ngazi kumi na tatu. Daktari alishasema asipande tena ngazi zile kipupwe kingine. Binti yao kule Arizona amewatengenezea vyumba viwili chini, hakuna ngazi hata ya dawa. Kilichobaki ni mnunuzi. Na asubuhi ile ile, akiwa jikoni anachemsha mayai, Honi alikuwa amemsikia mkewe akishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa mwaka mmoja, huku akiimba ili ionekane ni mchezo.

Sasa, Pruett ina desturi yake. Kocha akifungwa nyumbani na timu ya kudharaulika, watu humchomekea bango la INAUZWA kwenye nyasi za nyumba yake, apate ujumbe. Mwezi uliopita Nyati walifungwa na chuo kidogo cha ualimu, vijana ambao kofia zao zilikuwa za rangi mbili kwa kuwa nusu walikuwa wameziazima. Honi alitoka uwanjani anafoka, akafika kwake, akalitazama bango lililo karibu kuliko yote, akaling'oa, akalipakia kwenye pikapu ya Upepo, na kabla kocha hajamaliza kuoga, lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yake, limenyooka kama askari. Wakapongezana. Wakala supu ya maharage na mkate wa mdalasini, wakalala.

Kesho yake ndipo Honi alipokumbuka kwamba bango lilikuwa lake, lenye namba yake ya simu.

Alirudi kulichukua asilikute. Simu zikaanza. Wa kwanza aliulizia ile nyumba ya kocha yenye bwawa la kuogelea. Wa pili vile vile. Wa tatu hakutaka nyumba. Alitaka kumtukana kocha, akamtukana Honi dakika nne bila kupumzika. Honi akaacha kupokea namba za wageni. Bernadine aliambiwa bango limechukuliwa na upepo, akaamini, kwa sababu upepo wa Pruett umeshachukua vitu vizito zaidi.

– Nyie mnabishana bure, alisema Profesa, ingawa hakuna aliyekuwa ameanza. Hakuna kocha atakayefaulu pale. Tatizo ni majani.

Akaeleza, kwa mara ya mia moja, kwamba siku walipong'oa nyasi wakatandika zulia la plastiki ndipo timu ilipokufa. Mchezaji anataka harufu ya udongo, alisema, na plastiki inanuka kama viatu vipya, kwa hiyo vijana wanacheza huku wanadhani wako dukani.

Upepo alimsikiliza kwa huruma.

– Ndugu yangu, ulikata nyasi miaka thelathini, kila ugonjwa kwako ni nyasi. Mimi nakuambia ni maini.

– Maini gani?

– Mzee Stroud alikuwa anawalisha maini kila Ijumaa. Maini na vitunguu. Leo wana mpishi wa lishe, wanakula majani. Profesa, si unaona? Majani umehamishia tumboni.

Honi alicheka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka. Alisema mbona hata yeye anajua tatizo, na si maini wala zulia. Tatizo ni uvumilivu. Makocha hawa hawana uvumilivu. Wanakaa miaka miwili wanaondoka.

– Wanaondoka au tunawaondoa? aliuliza Darlene, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani.

Walimpuuza kwa heshima, maana kahawa ni yake. Profesa aliwahesabu makocha wote waliofukuzwa. Yule wa kwanza alishinda mechi tisa, tukasema tisa ni chache. Wa pili akashinda nane, tukamkumbuka wa kwanza. Wa tatu alikuwa na tabia nzuri, kwa hiyo hakutufaa. Wa nne alivaa skafu. Wa tano na wa sita hakuna aliyeweza kuwatenganisha, na Upepo aliapa kwamba ni mtu mmoja aliyeajiriwa mara mbili. Wa saba ndiye huyu wa majuzi, aliyefungwa na walimu.

– Na huyu mpya anaitwaje?

– Tillery, alisema Honi. Ametoka huko Kusini. Alishinda kumi na moja mwaka jana.

– Kumi na moja ni kidogo, alisema Profesa.

Simu ikatetemeka tena. Honi akaibana kwa kiganja, nje ya suruali, kama mtu anayemnyamazisha kuku gunia lisijulikane lina nini.

Upepo alikuwa amenyamaza, na Upepo akinyamaza ujue kitu kikubwa kinapikwa. Alikuwa anatazama chini, katikati ya magoti yake, pale penye namba kumi na tatu.

– Hebu subirini. Huu ubao ulitoka uwanjani mwaka gani?

Darlene akautaja.

– Na kombe la mwisho tulichukua mwaka gani?

Ulikuwa mwaka ule ule. Profesa aliinua kalio moja taratibu, akalishusha.

– Maana yake, alisema Upepo kwa sauti ya chini, ni sisi. Tumelikalia kombe miaka kumi na tisa. Wanafukuza makocha bure, bahati yote iko hapa chini yetu inapashwa moto.

Hapo mjadala ukapanda mti. Profesa alitaka ubao urudishwe uwanjani leo leo. Upepo alitaka urudishwe pamoja nao watatu, wakae pale pale kila mechi, bila kiingilio, kwa manufaa ya taifa. Darlene alisema benchi ni la marehemu na atakayeligusa atakunywa maji ya bomba mpaka afe. Honi alikuwa amefungua mdomo aseme lake, na lake lingekuwa kubwa kuliko yote, simu ilipotetemeka kwa mara ya tatu.

Safari hii mtu aliyekuwa anapiga alikuwa amesimama mbele yao.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, koti jepesi kupita kiasi kwa baridi ya huku, viatu vya watu wasioijua theluji. Simu ilikuwa sikioni. Kwapani alikuwa amebana bango la INAUZWA. Aliiangalia suruali ya Honi inayotetemeka, akakata simu. Suruali ikatulia.

– Shikamooni wazee, alisema. Samahani. Hili ni la nani?

Profesa na Upepo waliligeukia bango, wakasoma namba, kisha wakamgeukia Honi kwa pamoja. Honi aliuona uso wa Upepo ukijaa kicheko polepole kama tairi.

– Wewe ulichomeka lako? alinong'ona Upepo.

– Kaa kimya.

Yule mama alikaribishwa namba kumi na nne, akapewa kahawa na donati. Alisema anaitwa Renata. Mumewe amepata kazi hapa mjini, naye ametangulia kutafuta makazi, kwa sababu wameshahama mara sita na amechoka kupakua vyombo. Wakala wa nyumba amempeleka asubuhi kwenye nyumba moja nzuri yenye bwawa. Gereji ya nyumba ile, alisema, ina mabango kumi na moja kama hili, yamepangwa ukutani kama picha za ukoo, na hili amelitoa pale.

– Mumeo anafanya kazi gani? aliuliza Profesa, ingawa tayari alikuwa ameanza kuizungusha kofia yake ya Nyati ili maandishi yaende kisogoni.

– Anafundisha, alisema Renata.

Akanywa kahawa kidogo. Kisha akauliza swali lake, wala hakuliuliza kwa ubaya.

– Nyinyi ni wenyeji. Naomba mniambie ukweli, maana wakala hawezi. Tununue au tupange?

Profesa alizitazama kucha zake. Upepo, ambaye katika maisha yake hajawahi kuulizwa kitu akakosa jibu, aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Darlene aliegemea mlango, akasubiri, na alikuwa na haki ya kusubiri.

Honi peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu lilikuwa neno moja. Tununue? Nunueni, mama. Nunueni yangu. Ipo mitaa miwili kutoka hapa, paa jipya. Angelisema neno hilo, kipupwe hiki Bernadine angekuwa juani. Alilisogeza neno mpaka kwenye meno. Likakwama pale, kwa sababu alijiona wazi kabisa, Septemba ya mwaka kesho kutwa, amepanda ndege kutoka Arizona, anatembea kwenye nyasi za nyumba yake mwenyewe ya zamani na bango mkononi, kwenda kumchomekea mama huyu.

– Pangeni, alisema.

Sauti ilitoka ndogo mpaka Upepo akageuka kuona nani ameongea.

– Msinunue, mama. Hapa hakai mtu.

– Kwa nini?

– Kwa sababu yetu.

Renata aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda posta. Akamkabidhi bango.

– Na hii nyumba yako?

– Naiuza tu. Mke wangu hawezi ngazi. Honi akalitazama bango, akamtazama Renata. Zipo kumi na tatu. Nyonga zako wewe zikoje?

Jioni ile, kabla jua halijazama, Honi alilichomeka bango mbele ya nyumba yake, lenye neno moja limekatwa kwa kalamu nene na jingine limeandikwa juu yake: INAPANGISHWA. Bernadine aliliona kupitia dirisha la juu, akauliza upepo umelirudisha saa ngapi. Honi akamwambia yote. Mkewe alicheka mpaka akakaa ngazini, na kwa kuwa alikuwa amekaa tayari, akashuka. Kufikia Krismasi walikuwa Arizona, na funguo zao alikuwa nazo Renata.

Septemba Nyati walifungua msimu nyumbani, wakafungwa. Jumatatu yake Honi alikuwa kibarazani kwa bintiye, suruali fupi, miguu myeupe kama mishumaa, simu sikioni. Kule Pruett simu ya Upepo ilikuwa imelazwa kwenye namba kumi na mbili, spika wazi, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa hapo. Profesa alikuwa ameshaeleza majani. Upepo alikuwa ameshafika kwenye maini. Bernadine alipita na glasi mbili za maji ya ndimu, anatembea bila kushika ukuta.

– Kwa hiyo tumekubaliana, ilisema sauti ya Profesa. Huyu Tillery aondoke. Honi, bango tutapata wapi?

Honi alimtazama mkewe akiketi.

– Mpeni muda.

Honi akamsikia hata Darlene akiacha kusugua kaunta.

– Muda? alisema Upepo. Wewe? Muda gani?

– Mkataba wa nyumba ni wa miaka miwili.

Kutoka mbali kabisa, Honi akasikia chupa ya kahawa ikitikiswa, ikitikiswa tena, na Darlene akisema leo hiyo ndiyo ya mwisho.