Historia ya Melkiadi Nsengimana, Aliyekataa Kwenda Vitani

Katekista wetu, viongozi wa kijiji, wafiwa wenzangu na majirani, mimi ni Dionis, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, na kwa kuwa mguu wangu uliojeruhiwa vitani hauniruhusu kusimama muda mrefu, mtanivumilia nikisoma nimekaa. Asubuhi hii wazee wawili wamenishauri niuruke mwaka 1978, ili marehemu azikwe bila aibu. Nimewasikia, nawashukuru, nitausoma.

Marehemu Melkiadi alizaliwa tarehe 17 Machi 1941 hapa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, na leo nimebaki mimi peke yangu. Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwaka 1950, akaishia darasa la nne mwaka 1953, wala hakushindwa masomo, ila baba alihitaji mikono shambani. Mwaka 1959 alikwenda Tanga kukata mkonge kama vijana wengi wa kwetu, akarudi mwaka 1965 na baiskeli, redio isiyoshika stesheni yoyote, na tabia ya kuamka alfajiri na kuamsha nyumba nzima, tabia ambayo hatukumsamehe.

Tarehe 10 Juni 1967 alifunga ndoa huko Kasulu na Josepha, huyu mjane mnayemwona, wakajaliwa watoto watatu, Crispin, Immakulata na Kezia.

Mwaka 1969 alipata mafunzo ya mgambo, mwaka 1971 akawa mwalimu wa mgambo, na wanaume wengi mlioketi hapa ndiye aliyewafundisha kutembea kwa hatua moja, mkiwa na bunduki za mti begani, akiwafokea mpaka sauti inamkauka. Tarehe 19 Agosti 1974, wakati watu wakihamishiwa vijijini, mkubwa wa kikosi alimwamuru achome nyumba ya shangazi yetu Maximilla, mjane, ambaye alikuwa ameomba siku mbili tu amalize kuanika maharage yake, na marehemu akatii, akawasha nyasi za paa kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama hapo na sare yangu. Shangazi alipewa kiwanja kitupu, mvua za Oktoba zikamkuta chini ya kibanda cha majani ya migomba, akashikwa na kichomi, akafariki tarehe 2 Novemba mwaka huohuo. Hakuna aliyemlaumu marehemu, maana alikuwa ametii amri.

Baada ya hapo aliendelea kutufundisha kwa miaka minne zaidi, na hilo ndilo kosa aliloniambia kwamba analijutia, kwamba alipaswa kuacha siku ileile ya moto, badala ya kuwaandaa wenzake kwa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiweza tena.

Jumatatu tarehe 13 Novemba 1978 tulikusanywa Kibondo kwa ajili ya vita, majina yakasomwa, na lilipofika lake alitoka mstarini, akaweka sare yake chini ikiwa imekunjwa vizuri, akamwambia ofisa, "Mimi nilishatii mara moja, na aliyekufa ni shangazi yangu. Sitatii tena amri ya kumdhuru mtu." Ofisa akamuuliza kwa upole kabisa, adui akifika Kumsenga, watoto wake watalindwa na nani. Marehemu akanyoosha mikono afungwe. Ndugu zangu, mimi nilikwenda, nimerudi, na swali hilo hata mimi silimalizi, maana adui alikuwa amevuka mpaka kweli, na vijana wetu wawili waliolala huko hawakufa bure, wazazi wao wako hapa na sitaki wanielewe vibaya.

Alifungwa miezi mitatu, akatoka Februari 1979, na tangu siku hiyo mpaka alipougua alilima mashamba ya nyumba saba ambazo wanaume wake walikuwa vitani, nyumba yangu ikiwa ya kwanza. Mahindi mliyavuna, mkayala, lakini alipopita njiani na kuwapigia makofi ya salamu kama tunavyosalimiana Waha, hamkumwitikia, na katika vilabu vya pombe mlimwondolea mrija wa kunywea kwenye chungu cha pamoja. Nasema nyinyi, ila niliporudi mwezi Agosti nikamkuta anapalilia mihogo yangu, akaweka jembe chini, akanisalimu, na mimi nilipita nikaingia ndani. Nimechoka kulibeba hilo, ndiyo maana nimelisoma.

Mwezi Oktoba alianza kuvimba tumbo, akapelekwa hospitali wilayani Kasulu, ambako waligundua ini limeharibika, na kwa wiki tano nilikwenda na basi kila Jumamosi kukaa naye, mara nyingi kila mmoja akiangalia dirisha. Jumamosi ya mwisho, saa nane mchana, aliniuliza kama tangu nirudi nimekuwa nikipata usingizi. Nilimwambia sipati, nikamweleza kwa nini, mambo ambayo sijamwambia hata mke wangu. Akasema, "Hata mimi, mdogo wangu, tangu mwaka wa sabini na nne." Alifariki Jumanne tarehe 4 Desemba 1979, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, katekista aliyemtembelea bila kuogopa maneno ya watu, wafungwa wenzake wawili waliokuja kwa miguu kutoka Kasulu, na majirani wanne waliochimba kaburi. Wote wanne ni askari waliorudi kutoka vitani, hakuna aliyewaita, nimewakuta tu wanachimba.

Kaka, mimi sijui kama ulikuwa sahihi. Najua kwamba nilikuacha peke yako na jambo ambalo sasa ninalo na mimi, na hakuna tena wa kulizungumza naye.

Lala sasa, kaka. Upumzike kwa amani.