Fundi Soli, Mgeni Aliyetembea Nasi

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Soli, alizaliwa ng'ambo tarehe 9 Machi 1934, mtoto wa pili wa dereva wa treni na mfua nguo. Alisoma shule iliyokuwa hatua chache kutoka kwao, kisha akajifunza ufundi wa mitambo kwa miaka mitatu. Mwenyewe alisema darasani hakung'ara, ila mashine zilimwelewa.

Mwaka 1958 aliletwa hapa na kiwanda cha viatu kufunga cherehani za kushonea ngozi. Alikusudia kumaliza mkataba, achukue chake, aende zake.

Februari 1961 watu walisusia mabasi kudai uhuru wao. Walitembea kilomita kumi na moja kwenda kazini, na jioni kumi na moja nyingine kurudi. Baba alikuwa akiwapita ndani ya gari la kampuni. Siku ya nne alimwona mshonaji mmoja wa kiwandani, soli zimekwisha, viatu kavishika mkononi, naye anaimba. Akamwambia dereva asimame, akashuka. Gari lile hakulipanda tena. Kila Jumamosi mchana alikaa mlango wa nyuma wa karakana, akiwatia watu soli mpya bure kwa mabaki ya ngozi.

Meneja akamwita. "Wewe mgeni, haya yanakuhusu nini?"

"Bosi, sijawahi kuona watu wakubwa namna hii," akajibu. "Niwapite tu na gari?"

Tarehe 3 Novemba alipewa saa arobaini na nane awe ameondoka nchini.

Miaka kumi na mitatu aliishi kwao kama mgeni. Alifanya kazi karakana ya reli, akapanga chumba kimoja, na kila asubuhi alizungumza lugha yetu mbele ya kioo cha kunyolea ili isimtoke. Kila mwezi alimwandikia yule mshonaji. Kwa kuwa barua zilifunguliwa njiani, aliuliza tu, "Viatu vinaendeleaje?" Naye akajibiwa, "Vimechakaa, lakini bado tunavivaa." Shangazi, dada yake, husimulia kwamba jibu likichelewa, kaka yake alikuwa akisogeza sahani pembeni na kutazama mlango.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1974, alirudi. Afisa wa uhamiaji akamuuliza sababu ya safari. Akasema, "Nimewakumbuka." Afisa hakujua aandike nini kwenye fomu.

Alipokwenda kwa babu kuposa, woga ulimvuruga ulimi. "Mzee, nimekuja kuolewa," akasema. Babu akamtazama juu hadi chini. "Karibu, bibi harusi. Kupika unajua?" Ndoa ilifungwa Jumamosi, 12 Aprili 1975. Mshonaji yule ndiye mama yetu.

Alifungua kibanda cha viatu mtaani kwetu, akafanya kazi humo hadi mwaka 2008, mapafu yalipoanza kumsumbua. Miezi ya mwisho alipenda kukaa dirishani asubuhi, akiwatazama watu wakipita.

"Nawatamani," alimwambia mama.

"Nawe! Unatamani nini, watu wanakwenda kazini tu?"

"Kwenda nao."

Mama aliinuka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye hadi barabara ikabaki tupu.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Juni 2011, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Siku hiyohiyo shangazi alipiga simu, analia. "Wifi, mtamleta lini kwao?"

"Wifi yangu," mama akasema, "yuko kwao."

Ameacha mjane, watoto wawili, nami ninayesoma nikiwa wa kwanza, wajukuu wanne, na dada yake mmoja ambaye leo yuko nasi hapa kaburini. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Baba, umefika. Pumzika kwa amani.